Siku Niliyowarudisha Watu Katikati ya Mchanga

Kavimvira, Uvira
Jumapili, tarehe 27 Aprili 2025

Mpendwa mdogo wangu Thaddée,

Nakusalimia kwa moyo wote. Uko muzima? Ule mguu uliokuwa unakusumbua umepona, ama bado unachechemea? Aline hajambo? Na Upendo, walimpokea masomo? Huku nashukuru Mungu. Malaria ilinishika wiki ya Pasaka ikaniachia, sasa nakula vizuri.

Namba yako ya simu haipiti tangu Noeli. Nimejaribu hata kwa simu za watu. Ndiyo sababu nimechukua kalamu. Mama Zaina, yule wa vitenge, atapanda boti ya Kigoma wiki hii, na ameniahidi kutafuta muntu wa kuifikisha barua hii kwenu kambini Nyarugusu. Kama imefika, shukuru miguu yake.

Binti yangu Laurette alivuka kwenda Burundi mwezi wa pili, siku zile za risasi, yeye na watoto wote watatu. Hawajarudi. Bado napima unga wa watu watano, halafu nasimama jikoni nashangaa nilikuwa nafanya nini.

Sasa nikuambie kazi niliyopata, ingawa haina mshahara. Daraja la mto lilikatika tena kwa mvua ya mwezi wa tatu. Watu wanaotoka Runingu na Luvungi kuja mjini wanapita chini kabisa, pale mto unapoingia ziwani, juu ya mchanga. Weye unapajua tangu utoto, lakini ungepaona leo usingepatambua. Mto umejigawa njia tatu, na kila mvua inahamisha zile njia. Mahali ulipokanyaga jana pakiwa pagumu, leo panameza mguu mpaka kwenye goti.

Mama mmoja alizama pale na kitunga chake cha muhogo. Baada ya mazishi yake, shefu wa kartie, mkubwa wa mtaa wetu, aliuliza nani atajitolea kuvusha watu. Tukasimama watano. Mimi sikuwa na wa kunikataza. Asubuhi, kabla ya upepo wa ziwa kuamka, tunatangulia na fimbo, tunapima mchanga, tunasimika matete kuonyesha njia. Halafu mmoja anatembea mbele, Alimasi wa duka la sabuni anafuata nyuma kabisa, na watu wanapita katikati mustari mmoja.

Thaddée, siku ya nane mwezi huu nilikuwa mbele. Nyuma yangu kulikuwa watu ishirini na sita, wamama wa soko, watoto wa masomo, na muzee mmoja wa Rurambo, Ngendakumana, mchungaji wa ngombe. Alishuka usiku kucha kwa miguu. Bibi yake, mama wa watoto wake, alikuwa amelazwa hospitali mjini, na walimtumia habari kwamba afanye haraka.

Tulivuka njia ya kwanza vizuri. Tulipofika ya pili niliona maji yamebadilika rangi, mekundu kama udongo wa tofali, na majani ya migomba yanaelea. Nikaangalia juu, mlima wote ulikuwa mweusi. Mvua ilikuwa inanyesha kwao Rurambo. Unajua mto wetu, ukikuonyesha majani, magogo yako njiani.

Nikageuka, nikasema, «Turudi.»

Wamama walinung'unika, lakini wakarudi. Muzee akabaki amesimama.

«Mama, bado kidogo tu. Naona mji ule pale.»

«Muzee, mto unakuja.»

«Unipe fimbo, nitaenda mwenyewe.»

Sikumpa. Nilimshika mkono kwa nguvu, muntu wa umri wa baba yetu, nikamvuta kama mtoto. Hakupigana nami. Alirudi, akaketi kwenye jiwe upande wa Runingu, hakuangalia uso wangu hata mara moja.

Na mto haukuja. Maji yalipanda mpaka kwenye magoti, yakakaa hapo, yakashuka. Hapakuwa hata gogo moja. Saa nne tulivuka wote, viatu mkononi.

Jioni Alimasi alikuja mlangoni kwangu, akakataa kuingia. Aliniambia yule bibi alikufa saa tatu, na kwamba alikuwa anauliza kama bwana yake amefika.

Sikwenda kwenye mazishi. Walimzika mjini, kwa sababu jeneza haliwezi kupita kwenye mchanga ule. Siku mbili sikushika fimbo. Nililala tu, naangalia mabati. Wenzangu walisema sikukosea, lakini waliokuwa wanasema hivyo hawakuwa wameshika ule mkono.

Siku ya tatu Alimasi akaniita. Muzee alikuwa anarudi kwao, na alikuwa amekataa kuvushwa na mwingine. Niliogopa, mdogo wangu. Nilifikiri atanilaani pale katikati ya maji.

Tulitembea wawili tu. Njia ya kwanza alifuata nyayo zangu. Ya pili, mahali palepale, alisimama.

«Siku ile, nyuma yako kulikuwa watoto wangapi?»

«Wanane, Muzee.»

«Walifika masomo?»

«Walichelewa. Lakini walifika.»

Akaitika kwa koo, kama wanavyoitika wazee wa kule juu, akaendelea kutembea. Tulipotoka majini alikung'uta mchanga kwenye viatu, akavivaa polepole. Halafu akasema, «Kesho usiache kuvusha,» akapanda njia ya Runingu bila kugeuka.

Nilirudi nyumbani nikafungua mlango, nikasema kwa sauti, «Muzee amenisemesha!» Nyumba ilinyamaza. Nilisimama pale mlangoni muda mrefu na maneno yangu.

Kwa hiyo nakuandikia weye. Sitaki unifariji. Nataka uniambie ukweli, kama ni weye uliyekuwa mbele siku ile, ungemwachilia apite? Hata mustari mmoja unatosha. Nitaupokea ulivyo.

Nisalimie Aline sana, na Upendo, na shangazi Apollinarie kama bado mnakaa jirani. Mungu awape afya na usingizi mzuri, na siku moja atukutanishe upande mmoja wa maji.

Ni mimi dada yako, ambaye kila siku anakutaja,

Libérate