Maji Uliyomwagia Mchicha

Baba Watoto,

Wali upo kwenye sufuria, upashe. Nitapitia darasani, nitachelewa. Mtoto avae sweta.

Asubuhi nimeukuta mchicha wetu wa kwenye beseni pale dirishani umelala, majani yamekuwa meupe. Nikanusa udongo: dawa ya madoa! Mwaka mzima hukuligusa beseni lile, leo ndiyo umekuwa mkulima?

Najua ulikusudia mema. Mimi ndiye niliyekusimulia kwamba babu hakukubali maji yamwagwe bure, bibi akimaliza kuosha vyombo aliyapeleka bustanini. Lakini bibi alisugulia majivu, mume wangu. Wewe umemwaga maji uliyolowekea mashati.

Zile ndizo mbegu za mwisho alizonifungia bibi kwenye kitambaa kabla hajafariki. Nilizipanda zote. Leo nimepiga magoti, nikakosa hata cha kuomba. Mungu anisamehe.

~~Ng'oa yote, utupe.~~

Using'oe. Mwagilia maji ya bomba, mengi, ingawa naona tumeshachelewa. Sitaki kurudi nikute beseni tupu.

Nikifika usijitetee. Kaa tu nami hapo dirishani.

Mama Watoto