Kalamu Iliyomwangusha Bosi

Shoga, bosi kaanguka kutoka kwenye farasi! Mbele ya wateja!

Si nilikwambia nimemfundisha yule farasi kwa kidude cha kubofya? Akisikia "tik" anasimama papo hapo, anapewa karoti. Bosi kanicheka, eti farasi anafunzwa kwa mjeledi. Akampanda mwenyewe, akamtimua mbio.

TIK. Farasi akasimama. Bosi hakusimama. Puu, matopeni! Na farasi, bila haya, akaanza kumpekua mifuko, karoti yangu iko wapi?

Sasa bosi anafoka: "Nani kabofya? Nani?!" Kidude nilikiacha mezani, kila mtu anakiona.

Shoga, ni kalamu yangu. Nikiingiwa na wasiwasi naibofya tu.

Nimejificha nyuma ya banda, bado naibofya. Na farasi huyooo, anakuja kudai karoti, bosi nyuma yake.