Kwa Rajabo wa Mashine, Aliyenyimwa Kuchoka

Ni mwaka mmoja sasa, Rajabo, tangu mikono yako ilipotulia. Haikuwahi kutulia kabla ya hapo. Mama yako anasema hata usingizini vidole vyako vilikuwa vikichezacheza juu ya shuka, ukizungumza na watu wa ndotoni. Asubuhi ile vilipolala vyote, hakuna aliyehitaji kuambiwa.

Homa ilikuwa homa. Kwa hiyo hatumlaumu mtu. Sisi sote ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea. Lakini yapo yaliyotangulia homa, na hayo hayakutoka kwa Mungu. Yalitoka kwa binadamu mwenye kofia nyeupe kichwani, na leo tutayasema. Tunakuambia wewe, na wenye masikio wao wasikie.

Ulikuwa mtoto mdogo surua ilipokupitia, ikakuachia uhai na kuondoka na masikio. Kijiji kizima cha Quionga kikakuita bubu. Dada yako Awa hakulikubali neno hilo. Alipigana kisimani na watoto waliomzidi kimo, akarudi na ndoo tupu na gauni lililochanika, na mama alipomchapa hakutaja sababu. Wewe uliiona. Tangu siku hiyo jina lake mikononi mwako likawa ngumi mbili kiunoni, na mpaka leo mtaani wanaotaka kumtaja Awa bila yeye kujua hufanya hivyo hivyo. Anajua. Anajifanya hajui.

Ukakulia kwenye mashine ya kusaga ya Bwana Abudo. Ulianza kwa kufagia, ukaishia kuwa wewe ndiye mashine yenyewe, nyusi nyeupe kwa unga kutwa. Kinamama walikuja na mahindi na muhogo mkavu, wakapanga foleni, na injini ile ilivyokuwa ikinguruma nani angemsikia mwenziwe? Basi wakajifunza mikono yako. Ngoja. Leta. Tayari. Huyu kapenya foleni, mrudishe nyuma. Umbea wote wa Quionga ulipita pale bila sauti hata moja. Mle ndani hakuna aliyesikia, kwa hiyo hakukuwa na kiziwi.

Kisha ikaja habari ya gesi. Mji wa Palma ukajaa wageni, nyumba za kulala zikaota kama uyoga, na kila nyumba ikataka umeme. Bwana Abudo akaing'oa injini akaiuza huko. Mali ni yake, hatuna neno. Kinamama wakarudi kwenye kinu na mchi, nawe ukarudi nyumbani, ukawa unafagia ua uliokwisha fagiwa.

Siku moja Awa alikukuta na ufagio mkononi mchana, akakuuliza unataka nini hasa. Ulilegeza mabega, ukajifuta paji la uso kwa kiganja, ukajitupa mkekani kama gunia, kisha ukatabasamu. Alikuelewa papo hapo: nataka kurudi jioni nimechoka. Nataka kuchoka kama watu.

Hukuomba zaidi ya hilo, Rajabo. Hukuomba sadaka wala huruma.

Kampuni moja ndogo yenye kandarasi za kambi ya gesi ilikuwa ikitafuta watu wa kuhudumia majenereta. Hatulitaji jina lake, yenyewe inajijua. Awa alikupigia shati pasi ya mkaa, binamu yako Carimo, naye akitafuta kazi, akakuchukua mpaka langoni. Majina yakaitwa. Lako lilipofika Carimo alikugusa kiwiko, ukanyoosha mkono, ikatosha. Hukuulizwa kama unasikia. Uliulizwa kama unaijua injini, Carimo akajibu kwamba unaijua, ukapelekwa kwenye jenereta ukaiwasha. Wakawapa nyote wawili buti na kofia ngumu.

Na sasa wasomaji wa tangazo hili wakae vizuri, maana hapa ndipo penyewe. Majenereta yale yalipangwa ubavu kwa ubavu, na kelele zake ziliweza kumtia mtu wazimu. Kwa hiyo kila aliyeingia pale alipewa vifuniko vya masikio. Amri ya kwanza ya kazi ilikuwa: zibeni masikio! Watu wa Mueda, wa Pemba ya huku kwetu, wa Palma, wote wakazibwa, wakabaki wanatumbuliana macho, wanafumbua midomo kama samaki. Wewe peke yako ndiye uliyekuwa nyumbani. Ukaanza kuwafundisha yale yale ya kwenye mashine: ngoja, leta, tayari. Ukaongeza oili, ukaongeza moto, ukaongeza chakula. Cosme, Mmakonde wa Mueda, alishika haraka kuliko wote, mkawa marafiki wa kutaniana kutwa. Si muda, ua mzima ulikuwa unazungumza, na zaidi ya Carimo hakuna aliyejua kwamba mmoja wao alikuwa na kitu ambacho wengine hawakuwa nacho, au hakuwa na kile ambacho wengine walikuwa nacho. Haikuleta tofauti.

Ulilala kwa shangazi yako kule Palma, mwisho wa wiki ukaja Quionga. Mama yako Nafisa hasahau ulivyokuwa ukiingia uani: mgongo umeupinda, mguu unauburuza, mkono mmoja kiunoni kama kizee, unaagiza maji kwa nyusi tu. Hatujawahi kuona uchovu unaoringiwa vile. Awa alikuwa akikutupia kanga usoni, akikwambia kwa mikono, "Toka hapa, mwongo wewe, kazi gani hiyo!" Nawe ulicheka mpaka machozi.

Mchana mmoja injini zilizimwa kwa matengenezo. Watu wakavua vifuniko, wakakaa kula. Chefe, msimamizi wa kazi, yule mwenye kofia nyeupe, akakuita kutoka nyuma uje uchukue fungu lako la nyama. Ulikuwa umempa mgongo. Akaita tena. Akaona dharau, akaja akakuvuta bega.

"Huyu vipi?" akamwuliza Carimo.

"Hasikii, chefe."

"Hasikii? Tangu lini?"

"Tangu utoto."

"Na mbona hamkusema?"

"Hamkuuliza."

Nyama ile hukuila, Rajabo. Ulifukuzwa kazi kwa kutosikia kuitwa kula. Walikuvua kofia, wakakuvua buti, na hata vile vifuniko vya masikio wakakuvua, kana kwamba sasa ungeanza kusikia. Kandambili zako zilikuwa kwa shangazi, kwa hiyo ulitembea mpaka Palma miguu mitupu kwenye kokoto za barabara mpya. Ulipofika nyumbani ulikaa kizingitini. Awa alitazama nyayo zako, akajua.

Awa hakulilalia jambo hilo. Alijifunga kanga mbili, akaenda langoni, akakataa kuondoka mpaka chefe atoke. Tunayaandika maneno yao kama Carimo alivyoyasikia kwenye uzio.

"Mama, sina chuki naye," chefe alisema. "Kijana mzuri. Lakini hii ni segurança, usalama. King'ora kikilia hatasikia."

"Na hao uliowaziba masikio, wao wanakisikia?"

"Hao... iko taa nyekundu. Inazunguka. Wanaiona."

"Chefe, mdogo wangu ana macho. Mawili. Mlipomvua buti hamkuyaona?"

Kwenye uzio watu walicheka. Chefe akatazama simu yake.

"Ndiyo sheria, mama."

"Sheria ya nani? Aliyeitunga kashaingia mle ndani? Mwite nimwulize, maana mimi kusikia nasikia."

Hakuitwa mtu. Lango likafungwa, na Awa akasimama pale juani mpaka walinzi wenyewe wakaona haya, wakamletea maji. Hakuyanywa. Aliporudi ulimwuliza kwa nyusi, naye akatafuta mkono wa kukuambia "sheria" akaukosa, kwa sababu katika maisha yenu yote hamkuwahi kuuhitaji. Akafanya tu mlango unaofungwa.

Wewe ulifikiri kidogo. Kisha ukampa chefe jina. Ukafunika macho kwa kiganja, halafu ukakipeleka kiganja pembeni ya kichwa, maana macho anayo. Kipofu kwa kupenda. Mama alicheka kwa mara ya kwanza tangu urudi, na jina likabaki, Carimo akalipeleka mpaka kambini.

Ulihangaika, hakuna atakayesema ulikaa. Uliingia nyumba za wageni zote za Palma. Katika mojawapo ulikuta injini ya Bwana Abudo nyuma ya ukuta, ile uliyoihudumia tangu ujana wako, inatoa moshi mweusi kwa kukosa matunzo. Ukaishika kama mtu anavyomshika ng'ombe wake. Mwenye nyumba akakuondoa. Wageni, akasema, watashtuka wakisemeshwa kwa mikono. Wageni wenyewe walikuwa hawajui hata "shikamoo". Kila siku walikuwa wakiagiza samaki kwa kuchora hewani.

Ukarudi kwenye ufagio. Masika yakaingia, na homa nayo.

Siku ya tatu ya matanga walikuja wenzako wa kwenye majenereta, Cosme mbele. Hakuzijua dua zetu, akasimama pembeni ya mkeka akatupa pole kwa mikono yako, na kinamama wa foleni ya mashine wakamwitikia kwa mikono hiyo hiyo. Hapo watu walilia.

Kisha akamsogelea Awa. "Dada, kule mikono yake ipo. Wapya wote wanafundishwa."

"Nani anawafundisha?"

Cosme alitazama chini. "Chefe. Anasema ni ishara za kampuni."

Unaona, Rajabo? Mikono yako imeajiriwa. Inaingia kazini kila asubuhi, inatoka jioni, inaokoa watu wasiungue, na mwenye mikono walimvua buti. Ngumi za Awa zilipanda kiunoni zenyewe.

"Na ile ya jina la chefe?" akauliza.

"Ah, hiyo tunampigia kila asubuhi akiingia. Anadhani ni saluti." Cosme akaionyesha: kiganja machoni, kisha pembeni ya kichwa. "Na yeye anaturudishia."

Awa alicheka, dada yako, katikati ya matanga, akacheka mpaka wazee waliokuwa barazani wakageuka, na kicheko kikaishia kwenye kilio ambacho mama ndiye aliyekituliza. Na sisi tunaoandika haya hatujui mpaka leo ni kipi kati ya hivyo viwili bado kinaendelea.

Tumeambiwa kumbukumbu husomwa redioni. Tumekataa. Hatuwezi kukukumbuka kwa kitu ambacho usingekisikia, na wapo wenzako wengi pwani hii ambao nao wasingekisikia. Tumeandika. Karatasi moja iko kwenye mlango wa msikiti, moja sokoni Palma, na moja Awa ameibandika mwenyewe kwenye ukuta wa lile lango, usawa wa macho ya mtu mzima. Chefe kama hajui kusoma Kiswahili amwulize Cosme. Atasomewa, kwa sauti au kwa mikono, achague.

Hitma itasomwa Ijumaa nyumbani Quionga. Asiyesikia na aje. Hatutamkalisha nyuma.

Watu wakituona hutuambia: apumzike kwa amani. Tunaitikia amina, kwa adabu. Lakini mtu hupumzika akiwa amechoka, Rajabo. Wewe ulikuwa ndio kwanza umeanza kuchoka, ukaufurahia uchovu wako, wakakunyang'anya pamoja na buti.

Unakumbukwa na mama yako Nafisa, anayelala mkono wake juu ya shuka lako, dada yako Awa, binamu yako Carimo, aliyeiacha kazi ile, rafiki yako Cosme, aliyebaki ili mikono yako isibaki na chefe peke yake, Bwana Abudo, shangazi wa Palma, ambaye kandambili ulizomwachia hajaziondoa mlangoni, na kinamama wote wa foleni ya mashine.

Daima tutakukumbuka. Na wao, daima tutawakumbusha.