Kibuyu Nilichokuonjea Kabla ya Mbio

Leonsi rafiki yangu,

Ungekuwepo leo asubuhi ungenicheka. Nimetumia karibu nusu saa kutoka kitandani hadi kwenye kiti hiki, na njiani nimepumzika mara mbili, mara ya pili nikiwa nimeshikilia ndoo ya maji. Wewe uliyekuwa ukiikimbia njia ya Mbuba na kurudi kabla kengele ya shamba la kijiji haijagongwa. Figo zangu zimechoka. Mganga kijana aliyechukua nafasi yangu pale zahanati alinieleza kwa upole sana, akiangalia chini, na mimi nilimwonea huruma kwa sababu najua ugumu wa maneno hayo. Nimeyasema kwa watu wengi. Kwako wewe sikuyasema, na ndiyo maana naandika.

Nianze na yaliyobadilika. Mkoa hauitwi tena Ziwa Magharibi. Baada ya vita waliuita Kagera, jina la ule mto uliouvuka ukaenda usirudi. Shamba la kijiji liligawanywa, na watu walirudi mmoja mmoja kwenye migomba ya baba zao, kule tulikohamishwa na malori huku mama yako akiwa amekumbatia jiwe la kusagia. Zahanati ina bati na taa za jua. Mtoto uliyemwacha tumboni ni mwanamume, na mkeo Dorotea alimpa jina lako. Anauza maharage na mihogo Kasulo, ana kitambi, akipanda kilima kidogo anahema mpaka watu wanamtania, "Wewe ni Leonsi wa wapi?" Naye hucheka. Ni mtu mwema. Kila Krismasi huniletea mkungu wa ndizi kwa sababu nilikuwa rafiki wa baba yake. Kila mwaka nimeula.

Unakumbuka mutobe niliokuwa nakuletea kabla ya mbio, yale maji matamu ya ndizi, kwenye kibuyu chenye shingo iliyopinda? Kwetu huwezi kumpa mtu kinywaji usichokionja wewe kwanza. Anayekaribisha ananyonya mrija mbele ya macho ya mgeni, anameza, ndipo anampa, na mgeni anajua kwamba hakuna sumu. Nilifanya hivyo kila mara. Nilinyonya, nikameza, nikakupa. Wewe ulipokea kwa mikono miwili bila kuuliza.

Ndani ya kibuyu kulikuwa na vidonge vya pumu, Leonsi. Efedrini. Nilivisaga kwa chupa juu ya meza ya zahanati na kuvikoroga humo. Utamu wa ndizi ulificha uchungu wake.

Nilipata wazo hilo kwenye gazeti la zamani alilotuachia padri mmoja kwenye chuo cha uganga. Kulikuwa na habari za Wamarekani wanaocheza besiboli, mchezo wa kupiga mpira kwa rungu ambao sijauona hadi leo. Liliandika kwamba wachezaji wanalipwa kwa kazi hiyo tu, wanacheza karibu kila siku, na wakichoka wanameza vidonge kabla ya kuingia uwanjani, na kwamba wenzao wanajua na wananyamaza. Mwandishi alikuwa anawalaumu. Mimi nilisoma kama mtu anayesoma namna ya kupika. Vidonge vyao sikuwa navyo, lakini nilikuwa na kopo la vidonge vya pumu, na nilijua kwamba navyo vinaamsha mwili.

Ningependa kukuambia kwamba nilitaka paa. Mwenyekiti wetu alisema kijiji kitakachotoa mshindi kitakumbukwa wilayani, na zahanati yangu ilikuwa ya nyasi, mvua ikinyesha nafunika dawa kwa ngozi ya mbuzi. Hiyo ni kweli. Lakini ukweli mwingine ni kwamba nilitaka kusikia kijiji chetu kikitajwa redioni, na kujua moyoni kwamba nimekitaja mimi. Nilikuwa na elimu na nilikuwa nimetupwa mwisho wa barabara. Wewe ulikuwa na miguu.

Nawe ulikuwa umeshakataa. Nilikujaribu siku moja kwa utani, nikasema nina dawa ya kuongeza mbio. Ulitema mate pembeni ukasema, "Daktari, nikishinda kwa dawa, atakayeshinda ni nani? Wewe?" Tukacheka wote. Wiki iliyofuata nikaleta kibuyu.

Niliviweka vichache kwanza. Ukashinda mbio za vijiji. Nikaongeza. Kosa langu kubwa la kitaalamu ni la kijinga mno, na bado linanitia aibu hata mbele ya kifo. Nilikuwa naonja, na nilipoonja sikufa. Moyo wangu ulidunda kidogo, jasho likanitoka mgongoni, kisha hali hiyo ikapita. Nikajiambia kwamba kama mimi niko salama, na wewe uko salama. Mtu aliyefundishwa kupima dawa kwa uzito wa mgonjwa aliipima kwa funda moja la adabu. Wewe ulikuwa unamaliza kibuyu, kisha unapanda mlima.

Kwenye mbio za wilaya pale Ngara ulisimama karibu na Pastori, mkimbiaji wa kijiji jirani. Hakuna aliyekuwa amewahi kumshinda. Alikutania kwa sauti, "Leo utakula vumbi langu, ukirudi nawa uso, mkeo akutambue!" Nawe ukamjibu, "Vumbi lako nitakuletea nyumbani kwenye mfuko." Watu walicheka. Ulimshinda kwa pengo ambalo mtu angeweza kulala katikati yake. Ulipofika hukukaa chini. Ulizunguka zunguka, taya zikitetemeka, macho yamekutoka. Pastori alikuja, akakushika bega, akakutazama, kisha akageuka kwa watu akasema, "Huyu si mzima. Mtazameni macho. Mbio hizi zitamuua."

Alikuwa mkimbiaji. Aliujua mwili unaochoka, na akaona kwamba wako hauchoki. Katika uwanja mzima ni yeye peke yake aliyekuhurumia. Watu wetu walimzomea kwamba ana wivu, na mimi nilizomea pamoja nao.

Redio ilikitaja kijiji. Walikosea kutamka.

Baada ya hapo ulinijia siku moja zahanati ukiwa umeshika kifua. "Daktari, mbona moyo unapiga kama watu wanagombana humu ndani, hata nikiwa nimelala?" Nikakuambia ni moyo wa mwanariadha, unakua. Ulifurahi. Ulimwambia Dorotea kwamba moyo wako unakua.

Kisha adui akavuka mpaka kule mto Kagera, na wanajeshi wetu wakaja kuwachukua ninyi vijana wa mgambo. Walinipa meza chini ya ukuta wa shule na orodha ya majina, nami nilipaswa kusikiliza kila kifua na kuandika mbele ya jina: anafaa, au hafai. Mliingia mmoja mmoja mkiwa vifua wazi. Ofisa alikuwa amekuulizia kabla hujafika, "Yuko wapi yule wa mbio? Nataka tarishi." Ukaja. Ulipoinama ili nikusikilize uliniambia polepole, mdomo karibu na sikio langu, "Ukikuta kitu kibaya humo kiseme tu, Daktari. Sitakasirika. Dorotea ana mimba ya miezi saba."

Nilisikiliza. Nimesikiliza vifua kwa miaka zaidi ya thelathini na sijasahau kile. Moyo wako ulikuwa unapiga mara tatu, unaruka, unakimbia, unasimama kana kwamba unatega sikio, halafu unaanza tena. Hata mwanafunzi wa mwezi mmoja angejua.

Nilifikiri, nikiandika hafai watashangaa. Bingwa wa wilaya, hafai? Ofisa atamwita daktari wa kweli. Daktari atauliza anakula nini, anakunywa nini, nani anampa. Kopo la vidonge vya pumu lilikuwa karibu tupu, na wagonjwa wangu wa pumu walikuwa wanakohoa tangu masika. Yote hayo yalipita kichwani mwangu kwa muda wa pumzi mbili. Nikaandika anafaa. Ukanitazama kidogo, ukavaa shati.

Nimejiuliza maisha yangu yote kama uliliamini neno lile.

Mwenzako aliyerudi alitueleza. Mlikuwa mmeshavuka mto. Ulipeleka barua juu ya kilima, ukamkabidhi mkubwa karatasi, ukapiga saluti, ukakaa chini ukiegemea ukuta. Walipokuita hukuitika. Hukuwa na jeraha hata la mwiba.

Labda ulizaliwa na moyo huo. Labda vidonge vyangu havikuuharibu ila viliuchokoza tu. Sijui, na sasa hakuna wa kujua. Lakini niliusikia, na nilikuwa na kalamu mkononi.

Ungedhani uovu wangu uliishia hapo. Mtu wa miaka ishirini na saba amekufa vitani bila risasi, na kijiji hakikuweza kulala na jambo hilo. Ndipo mtu mmoja akakumbuka maneno ya Pastori. Mbio hizi zitamuua. Alisema mbele ya watu wote! Onyo likageuka laana. Tulikutana uwanjani, na kabla vijana hawajaondoka kwenda kwa Pastori watu wakanigeukia mimi, msomi wao. Mwenyekiti akauliza, "Daktari, tuambie wewe. Mtu mzima anaweza kufa amekaa tu, bila ugonjwa, bila jeraha?"

Nikasema, "Kwenye vitabu vyangu sijaona."

Vijana walikwenda wakachoma nyumba ya Pastori. Alitoka na mkewe na binti yao mdogo, Skolastika, na godoro moja, wakaelekea Biharamulo. Hakukimbia tena mbio zozote. Alilima kibarua kwenye mashamba ya watu, na huko nako jina lilimfuata, maana maneno ya uchawi hayahitaji barabara. Amekufa miaka mingi iliyopita. Hapa kwetu akina mama bado hulitaja jina lake kumtisha mtoto asiyetaka kulala.

Jumapili iliyopita nilibebwa hadi kigangoni. Nilimwomba katekista nafasi baada ya matangazo. Nikasimama kwa fimbo zangu mbili nikasema yote, kama nilivyokuandikia hapa: kibuyu, vidonge, kifua, neno nililoliandika, Pastori. Sauti ilikuwa ndogo lakini walinisikia. Nilitegemea mawe. Nilikuwa nimejiandaa kwa mawe, Leonsi, nilivaa hata koti la zamani.

Walinipigia makofi.

Katekista alisimama akasema tumeona leo mzee mtakatifu anayetaka kujibebesha dhambi ya mwingine ili wafu wapatanishwe. Wanawake walilia. Mwanao alikuja akanikumbatia, akanibeba yeye mwenyewe hadi kwenye pikipiki, akihema. Dorotea alinishika mkono. Amezeeka vizuri, nywele nyeupe zote. Nikamwambia, "Shemeji, nisikilize, ni kweli." Akanijibu kama anavyosemeshwa mtoto mwenye homa, "Ndiyo, shemeji. Pumzika. Uzee una maneno yake." Kisha akaniinamia karibu. "Ila usimsafishe yule mchawi kwa ajili yangu. Nimemchukia karibu miaka hamsini. Ukiniondolea hilo nitabaki na nini?"

Nikamwambia mwanao awashe pikipiki.

Nilidhani ukweli ni kama dawa, ukiutoa koponi unafanya kazi yake. Wangu umelala sana humo. Hautibu mtu. Sikuongopa mara nyingi, lakini niliongopa kwa sauti ya zahanati, na sasa nikisema kweli nasikika kama mgonjwa.

Nimebakiwa na mtu mmoja ambaye ataniamini. Mwanao alinitafutia namba ya Skolastika kwa wafanyabiashara wa Biharamulo, bila kujua naitakia nini. Nilimpigia juzi. Nilijitaja jina. Nikamwambia nataka kuja kumwona, nina jambo kuhusu baba yake. Akasema, "Usije. Sikutaki nyumbani kwangu. Kama una jambo liandike, uweke na sahihi." Nikamuuliza kama baba yake aliwahi kusema chochote juu ya mbio zile. Akasema, "Kila siku. Alisema yule kijana alikuwa amenyweshwa kitu, na aliyemnywesha anajua kusoma." Akakata.

Kwa hiyo Pastori alijua, Leonsi. Alikaa Biharamulo miaka yote akijua, na hakuwa na mtu wa kumwambia ila mtoto.

Sikuombi msamaha. Ungenipa haraka mno, nakufahamu, ungefanya utani na kunipiga begani. Na sikuombi unipokee. Nimemwambia mwanao wasinizike karibu na msalaba waliokuwekea, ule usio na mtu chini yake. Alidhani ni unyenyekevu. Nimechoka kusahihisha.

Lala salama huko kilimani, mahali ambapo mimi wala mkeo wala mwanao hatujapaona. Mkono umechoka, nitauacha upumzike mchana huu. Kesho asubuhi, nikifika tena kwenye kiti, nitamwandikia Skolastika yote, pamoja na sahihi, na sitaweka ndani yake neno la kujitetea. Hiyo nakuahidi. Ilibidi nianze na wewe kwa sababu wewe huwezi kunijibu. Yeye atanijibu.

Rafiki yako,
yule uliyemwita Daktari