Chumvi ya Asilimia Hamsini

Binti yangu,

Wali umo kwenye sufuria, upashe moto. Mvua ikianza, anua nguo. ~~Simu yako nimeondoka nayo.~~ Simu iko juu ya kabati, ila hesabu kwanza.

Najua nimekufokea. Lakini umechanganya maji ya chumvi ya asilimia kumi na ya asilimia arobaini, ukapata ya hamsini! Nikauliza chumvi ya ziada imetoka wapi. Ukanijibu, "Kwani nani atayanywa, mama?"

Mgonjwa, mwanangu. Si unataka kuwa mfamasia? Sasa unaimba bafuni, mimi natoka nimenuna.

Mtihani wa marudio ni kesho. Usijumlishe asilimia, tafuta chumvi iliyomo katika kila chombo, ndipo uchanganye. Nikirudi nikalala kabla hujaelewa, niamshe.

Mama yako