Beringi ya Akiba

Mtoni, Unguja
2 Novemba 1966

Kwa ndugu yangu Khelef,

Assalaam aleikum. Sisi wazima, ila mama magoti yanamsumbua. Anakusalimu na anauliza kama bado unalala kifua wazi. Yeye ndiye aliyekunyonyesha, ana haki ya kuuliza.

Najua ni karibu miaka mitatu sijakuandikia. Leo nina shida, na mficha uchi hazai. Ile mashine ya kukata majani uliyokuwa ukiitunza kiwanjani nimepewa mimi tangu Septemba, mimi fundi wa mashua! Beringi ya kushoto, inayoshika visu, inalia na inachoma mkono. Grisi hakuna, nikaitia deheni yangu ya kupakia mashua. Kelele zikazidi.

Majani lazima yawe yamekatwa kabla ya gwaride la Mapinduzi, Januari. Zaidi ya hayo, msimamizi wetu, Bwana Mabrouk, ana daftari linalosema stoo mna beringi ya akiba. Kisanduku chake nimekikuta kitupu. Mwenye ufunguo ni mimi, kwa hiyo mwizi ni mimi. Isipoonekana mpaka tarehe kumi Januari, nitakwenda kujieleza polisi.

Nduguyo wa kunyonya,
Borafya


Mombasa
19 Novemba 1966

Borafya,

Waaleikum salaam. Mimi mzima. Mwambie mama najifunika, na magoti ayakande kwa maji ya moto.

Siku niliyoondoka ulijua meli inang'oa nanga saa ngapi, na hukutokea. Leo beringi imelia, ndiyo umeijua anwani yangu. Haya.

Deheni ina chokaa, bwana, na chokaa hukauka. Mashua unaipaka ili maji yasipite. Beringi unataka izunguke. Ivue, ioshe kwa mafuta ya taa mara tatu, ifute, kisha izungushe kwa kidole karibu na sikio. Ikikwaruza, imekufa. Grisi ukiipata, jaza theluthi tu. Ikizidi nayo huchemka. Oili ya injini imwage ingali na moto, itoke na uchafu wake. Chujio la hewa likung'ute kila asubuhi, maana vumbi la majani makavu ndilo linaloua injini.

Hiyo ya akiba sina la kusema.

Khelef


Mtoni, Unguja
3 Desemba 1966

Kwa ndugu yangu Khelef,

Assalaam aleikum. Mama magoti afadhali kidogo, tunamshukuru Mungu. Nawe u hali gani?

Nimefanya kama ulivyosema. Injini sasa inawaka kwa kuvuta kamba mara moja. Beringi inakwaruza kama mtu anayetafuna mchanga. Imekufa, na mjini haipatikani.

Nilitokea, Khelef. Nilikuwa bandarini nyuma ya magunia ya karafuu. Nilikuona na sanduku lako la bati, ukigeuka geuka. Siku zile za Mapinduzi niliogopa kuonekana nikimuaga anayekimbia. Woga ni wangu, sina wa kumlaumu. Nisamehe.

Nduguyo wa kunyonya,
Borafya


Mombasa
4 Januari 1967

Kwa ndugu yangu Borafya,

Waaleikum salaam, na Ramadhani njema. Mimi sijambo. Barua yako nimekaa nayo mwezi mzima.

Anayekuletea hii ni Gharib, baharia. Bati la tende ni futari ya mama. Chini ya tende mna kitambaa, na ndani ya kitambaa mna beringi.

Sikuinunua. Kikulacho ki nguoni mwako: ndiyo ile ya akiba. Niliitia mfukoni siku yangu ya mwisho kwa hasira, nikasema atakayenirithi na ahangaike. Sikujua kuwa atakuwa wewe. Miaka yote hii nimekuwa nikiipaka grisi na kuizungusha kwa kidole, na sina mashine.

Mwambie Mabrouk umeikuta chini ya matambara. Usinitaje. Ukinitaja watataka kujua kwa nini unaandikiana na mimi.

Nduguyo wa kunyonya,
Khelef


Mtoni, Unguja
20 Januari 1967

Kwa ndugu yangu Khelef,

Assalaam aleikum, na Idi njema ingawa imepita. Wote wazima. Mama kafuturu tende zako mpaka siku ya mwisho, hakutaka kumgawia mtu.

Beringi niliitia tarehe nane. Mashine ikakata siku mbili mfululizo, na nikiigusa haichomi. Bwana Mabrouk akaja na daftari lake.

"Umeipata wapi?"

Matambara nilikuwa nayo mkononi, tayari. Nikamwambia, "Alikuwa nayo ndugu yangu Khelef, yuko Mombasa. Kairudisha."

"Yule? Nduguyo vipi yule?"

"Kanyonya kwa mamaangu. Muulize umtakaye hapa Mtoni."

Akaandika yote. Polisi hawajaniita. Tangu Jumatatu mashine anayo mtu mwingine, na mimi nimepewa panga, nafyeka kandokando ya uwanja. Yule mpya nimemwandikia mambo yako yote kwenye karatasi. Aliipokea kwa kununa, lakini jana nilimwona akikung'uta chujio.

Mama nimemsimulia kila kitu. Anasema mwanawe mmoja mwizi na mwingine mwoga, na wote wawili aliwajua tangu wakinyonya. Anataka barua yake mwenyewe, siyo salamu za kubandika kwenye yangu.

Bati lako tunalo. Gharib akirudi atalikuta limejaa papa mkavu, na bandarini nitalipeleka mimi, mchana.

Nduguyo wa kunyonya,
Borafya