Nani Amekufa Seli?

Jumatano. Joto liliamka kabla yetu, na mawingu yanapita juu ya Garissa bila nia ya kunyesha. Kichwa ni kizito. Nimeshinda wodini nikitafsiri kitu ambacho mimi mwenyewe sikielewi.

Abti yangu, kaka wa mama, ameletwa kutoka Hadado. Ana sukari. Vidole viwili vya mguu wa kushoto vimekuwa vyeusi, na uvimbe unapanda kuelekea kifundoni. Daktari anataka kuvikata kesho asubuhi, mguu wenyewe usije ukafuata. Abti anataka kurudi kwa ngamia wake.

Daktari ni kijana aliyetoka Kenya, kama tunavyosema huku, utadhani sisi tuko nchi nyingine. Kisomali hajui. Kiswahili cha abti ni cha soko la mifugo: kinatosha kuuza mbuzi, hakitoshi kukatwa vidole. Ndipo nikaitwa mimi, fundi wa simu, kwa sababu nina sifa ya kusomasoma vitu.

Kazi ilikuwa sentensi moja: mwambie vidole viwili vinatolewa. Badala yake nikauliza swali ambalo hakuna aliyenituma. Nyama iliyokwisha kufa inaidhuru vipi iliyo hai?

Daktari akafurahi, maskini. Akaeleza kwamba seli ina kiini, na ndani ya kiini kuna protini zinazoshika na kupanga nyuzi za urithi. Kazi ya kimyakimya, hakuna anayeiona. Seli ikifa vibaya inapasuka, na protini zile zinamwagika nje. Seli jirani zikizikuta huko zinajua kuna msiba, zinaita askari wa mwili. Askari wakizidi, wanavimbisha na kuharibu hata palipokuwa pazima.

Neno la Kisomali la seli nililijua shuleni. Leo lilikataa kuja. Nikaacha "seli" hivyohivyo, kwa Kiswahili. Nikamwambia abti: seli imekufa, vitu vya ndani vimetoka nje, askari wamekuja.

Abti akakaa wima.

"Nani amekufa seli?" akamuuliza daktari kwa Kiswahili chake. "Mimi nililala huko siku moja tu. Kitambulisho ilibaki nyumbani. Bolisi wenyewe walinibatia chai."

Daktari akanitazama. Mimi nikatazama dirisha.

Abti alikuwa ameshaanza kutafuta ndala zake. Nikamtuliza, nikajaribu upya kwa Kisomali. Mwili una vyumba vidogo vingi, nikasema. Kimoja kikibomoka, godoro la mwenye nyumba linaonekana njiani, na majirani wakiliona wanakuja mbio.

"Wanakuja kusaidia?"

Nikamuuliza daktari. Akasema ndiyo, mwanzoni wanasaidia. Hata kupona kwa kidonda kunahitaji wito huo.

"Sasa, abti," akaniambia, maana kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo wote wawili, "kama wanasaidia, huyu daktari anawafukuzia nini?"

Swali hilo nimerudi nalo nyumbani. Betri ya simu ikivuja ikala bodi, naelewa. Kilichomo ni sumu tangu kiwandani. Lakini hii si sumu. Ni kitu cha nyumbani, kosa lake ni kuvuka mlango. Na nimesoma jioni hii kwamba kuna seli zinazokufa kwa adabu, zinajikunja na vitu vyao ndani, jirani hashtuki. Kwa nini za abti zisife hivyo?

Daktari alisema damu haifiki tena kwenye vidole, kwa hiyo seli zinazidi kupasuka na wito hauishi. Ukiondoa kilichokufa, kelele zinapungua. Nikatafsiri mwisho wake tu: ataondoa kilichokufa, kelele zipungue.

Abti akatazama kitanda chake. Jamaa kumi na mmoja, chupa tatu za chai, habaryar yangu, mama mdogo, amekalia shuka, na muuguzi anatufukuza kwa mara ya nne.

"Kumbe ni kama nyinyi," akasema.

Akacheka peke yake. Akasema bismillahi, akatia kidole gumba kwenye fomu.

Daktari akaniuliza, ameelewa? Nikasema ameelewa.

Nilipokuwa naaga, abti alinivuta mkono. Akaniomba nimtafutie viatu vya kufunika mbele. Wakishaondoa ile nyeusi, alisema, ngozi ya vidole itakuwa laini kama ya mtoto, na Hadado kuna miiba.

Nikaitikia. Sawa, abti. Viatu.

Nimetembea mpaka nyumbani nikirudia maneno yangu yote ya leo. Seli nilisema. Godoro nilisema, majirani, kelele, kilichokufa. Vidole sikusema hata mara moja.

Nilijivunia lile godoro, walahi.

Nikimwambia ukweli anaweza kuomba ndala zake, na mguu ukafuata vidole. Nisipomwambia, alichokubali ni maneno yangu, wala si kisu cha daktari. Sijui lipi ni zito zaidi. Ninachojua ni kwamba fomu ile ina kidole chake na uongo wangu.

Kesho nitafika kabla ya muuguzi. Sitasema seli. Nitaushika mguu wenyewe na kumwonyesha: abti, wanakata hiki, na hiki, na havioti tena. Halafu nitanyamaza, yeye ndiye aseme.